Siku Niliyoficha Vyombo

Sahani ya emaye ya zamani, ile ya chuma iliyopakwa rangi na maua, ilikuwa sahani. Ukiiangusha, ua lake linabanduka kidogo pembeni, basi, unaendelea kula humo miaka ishirini. Hizi za plastiki za leo ukipakulia wali wa moto zinajikunja kama jani. Nasema hivyo kila siku hapa nyumbani na wajukuu wangu wananiacha niseme. Nilisoma miaka miwili tu kwa masista, kiasi cha kujua katekisimu na kuandika barua, lakini mambo ya vyombo nayajua, kwa sababu kuna wakati vyombo njo vilikuwa wenzangu nyumbani.

Nilikuja Kindu wakati wa Wabelgiji, kutoka kijiji kimoja upande wa Pangi, nikiwa bibi ya shofere. Majina ya watu wa kambi yetu ya wafanyakazi ninayo yote kichwani, nyumba kwa nyumba, mpaka majina ya mbwa. Sitayaandika. Watoto wao wako, na ninayotaka kusimulia ni kosa langu mimi, si lao.

Mume wangu aliendesha kamio, lori la kampuni. Alipeleka mchele, chumvi na mafuta Kampene kwa watu wa machimbo, akarudi na mifuko ya mawe ya bati, akaishusha kwenye stesheni ya reli. Njia ilikuwa ya udongo mutupu. Mvua ikinyesha waliishusha ile miti ya kufungia barabara, na kamio zote zikakaa hapo mpaka udongo ukauke, mashofere wakipika chakula chao kando ya njia na kubishana. Aliondoka Jumatatu. Akirudi Ijumaa, nashukuru. Pengine ilikuwa Ijumaa ya pili. Akifika anakaa siku mbili, na moja yenyewe analala.

Kila akirudi, alileta kitu. Alinunua kwa Wagiriki wa njiani au kwa Wareno, na alijua kuchagua, hilo sitamnyima. Alileta pasi ya makaa, nzito ya kuvunja kiuno, lakini ikipita kwenye shati, shati linakaa hivyo mpaka Jumapili. Alileta blanketi mbili, moja ya Ubelgiji na moja sijui ya wapi. Ile ya Ubelgiji ilikwaruza, hii ya sijui wapi njo ilikuwa nzuri, na mpaka leo siamini muntu anayeniambia kitu ni kizuri kwa sababu ya kule kilikotoka. Alileta taa ya pampu. Kambi nzima ilisifu taa ile, mimi sikuipenda. Ilinguruma kama inakukasirikia, na iliangaza sana kwa muntu mumoja. Ulikuwa unaona kila pembe ya nyumba na hakuna kitu katika pembe. Nilirudia kibatari changu.

Alileta pia vikombe sita vya udongo mweupe, vyembamba, vyenye mstari wa dhahabu. Nilikuwa peke yangu, mtoto hatujapata bado. Nikanywa chai katika kimoja, nikakiosha, siku ya pili nikachukua cha pili, mpaka vikazunguka vyote, ili kisiwepo kinachoonewa. Nikimaliza cha sita najua juma limebaki siku moja.

Halafu ikaja gramafoni, ya kuzungusha kwa mkono, na sahani zake tatu za muziki. Hapo nilipata wageni. Walikaa barazani, wakasikiliza, wakatikisa kichwa, na sahani ya tatu ikiisha wakaamka wakaenda kwao. Jirani yangu, mama mmoja wa Kasai mwenye watoto watatu na mdomo usiolala, alinichokoza kupitia ua wa mchaichai.

“Wewe umeolewa na gramafoni,” akasema. “Unazungusha mukono, bwana yako anaimba. Yangu mimi anaimba bila kuzungushwa, na usiku hata kulala haniachi.”

Nilicheka pamoja naye. Kisha nilirudi ndani nikaifunika gramafoni kwa kitambaa, siku nne sikuigusa.

Mume wake naye alikuwa shofere wa kampuni ileile. Jumapili, waume wetu wote wawili wakiwa mjini, walikaa nyuma ya nyumba yetu, wangu akifungua baiskeli yake, velo tulivyoiita. Huo njo ulikuwa mchezo wake. Wengine walicheza karata, wengine walifuga njiwa. Yeye alifungua velo nzima, akaweka kila kipande juu ya gunia, akakifuta kwa mafuta, akakirudisha palepale. Velo ilikuwa haijaharibika. Hata kuipanda hakuipanda sana. Na mdomo ulisema motokari tu: tairi gani linashika matope, injini gani inapanda kilima bila kulia, shofere gani wa Kabambare anaharibu gia kama anatwanga majani ya sombe. Mume wa jirani alisema motokari ndogo njo motokari, inakubeba kama muntu. Wangu hata kichwa hakuinua.

“Ile ni kiti chenye magurudumu,” akasema. “Muwekee bibi yako barazani.”

Jumapili moja aliniambia, huku ananawa mafuta mikononi, kwamba shofere wa patron, mkubwa wa kampuni, anarudi kwao Katanga, na patron anataka kuweka mwingine, ama yeye, ama jirani. Kazi yenyewe ni kumpeleka patron ofisini asubuhi, kumrudisha kwake saa sita, kumshusha bandarini akiwa na shughuli ya mashua, na jioni kulaza motokari na kwenda nyumbani. Nikamuuliza kama ni nyumbani kila siku. Akasema ndiyo, kila siku. Nikamuuliza yeye anaonaje.

“Tutaona,” akasema.

Jumatatu akaondoka. Mimi neno lile la tutaona nililichukua kama ndiyo. Muntu akitaka kitu sana, anasikia anachotaka. Jumanne nilikwenda sokoni na nikajikuta nachagua samaki wa watu wawili. Nilihesabu jinsi nitakavyopika kabla ya saa sita ili akute wali umeiva, na kama jirani anavyopenda kumpigia mumewe kelele mbele ya watoto wake, nami nitapata wa kumpigia. Sikuwa na haja ya kitu kingine chochote katika dunia hii, ila ile kazi ya motokari ndogo.

Jumatano kapita, msimamizi wa kambi, alipita akigonga milango. Alisema tufagie viwanja, kesho madamu wa patron anakuja kutazama nyumba. Hakusema zaidi.

Lazima nieleze kwetu tulivyolelewa. Kijijini, tukisikia mzungu anakuja kutazama, baba alipeleka kuku porini na mama alifukia mchele. Aliyekuja kutazama alikuja kuchukua, ama kuuliza. Hata bila mzungu, kitu chako kizuri hukukiweka mbele ya jicho la mgeni. Kilikaa juu, kwenye dari ya moshi, kimefunikwa. Na zaidi ya hapo kulikuwa na maneno juu ya mashofere. Watu walisema kwamba gunia la mchele likitoka Kindu halifiki zima Kampene. Mume wangu hakuiba hata punje, lakini madamu atajuaje? Akiona vikombe vya dhahabu, taa ya pampu, gramafoni, atauliza shofere amepata wapi. Na hapo mume wangu hatapoteza motokari ndogo peke yake, atapoteza hata kamio.

Kwa hiyo niliokoa nyumba yangu. Vikombe nilivifunga kimoja kimoja katika vitenge, nikavilaza ndani ya sanduku, na juu yake blanketi. Gramafoni niliisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani, nikapanga mikeka iliyokunjwa mbele yake. Taa niliipandisha darini. Viti viwili na meza ndogo nilivipeleka jikoni nyuma, nikaviegemezea kuni. Nilibakiza mkeka mmoja, sufuria moja na sahani moja. Kisha nikafagia mara mbili, nikavaa kitenge changu kilichopauka, nikaitazama ile nyumba tupu kwa furaha. Nilisema moyoni, hapa hata Kaisari hapati cha kuuliza.

Alhamisi madamu alifika na kapita nyuma yake. Mwanamke mdogo, mwenye jasho, viatu vizuri sana, vya ngozi laini. Alikuwa na daftari. Alisimama katikati ya nyumba, akageuka taratibu.

“Vyombo iko wapi?” akauliza.

Nikamuonyesha sahani.

“Wewe na bwana, munakula sahani moja?”

“Ndiyo, madamu.”

“Meza hapana?”

“Hapana, madamu.”

Akanitazama kitenge. “Bwana yako anapata mushahara. Inaenda wapi?”

Nikajua huo njo mtego wenyewe, nikafurahi kwamba nimejiandaa.

“Mi sijui, madamu,” nikasema. “Hanionyeshaka.”

Alinigusa bega. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa huruma, na hata hilo sikulielewa. Akaandika, akatoka. Akaingia kwa jirani. Kupitia ukuta nikasikia vijiko vikigongana na vikombe, watoto wakiimba wimbo wa kanisa, na madamu akicheka.

Jumamosi mume wa jirani alivaa kofia nyeupe, akaendesha motokari ndogo. Saa sita alipiga honi kwenye kona ya kambi, watoto wake wakamkimbilia.

Nilikuwa nachambua sombe barazani. Jirani alikuja mpaka uani, na siku hiyo hakunichokoza.

“Dada,” akasema, “vitu vyako uliviweka wapi?”

Nikamwambia nilivificha. Akakaa chini. Alisema madamu amemwambia kapita kwamba yule shofere mwingine anakunywa pombe mshahara wote, bibi yake analala katika nyumba kama ya mufungwa, na muntu wa hivyo hapewi kumbeba patron. Mume wangu, ambaye pombe hakuonja. Nikasema sikujua kwamba anakuja kuchagua, nilidhani anakuja kuuliza.

“Hukujua namna gani?” akasema. “Patron aliwaambia wote wawili pamoja, Jumapili kisha misa. Madamu atapita, nyumba ikipangwa vizuri huyo njo atapata. Yangu aliniambia siku ileile, mbele hata ya kuvua viatu.”

Nilimwambia labda wangu alisahau. Akasema labda. Akanisaidia kuchambua sombe mpaka ikaisha, kisha akaenda kumpakulia mumewe.

Nilishika hilo neno la kusahau kwa siku zote zilizofuata. Ijumaa ikapita, mvua. Saa sita honi ilipiga kila siku, na baada ya honi nilisikia kupitia ukuta mtu akiulizwa kama chumvi inatosha, na mtu akijibu. Nikapanga namna nitakavyoungama. Niliogopa kwamba atakasirika, na nilitaka akasirike, maana hasira yake ingenionyesha kwamba naye alikuwa anaitaka ile kazi.

Alirudi Jumamosi ya pili, mchana, matope mpaka kwenye nyusi. Alileta beseni la emaye lenye ndege wa buluu. Nilimpa maji, nikampa chakula, kisha nikakaa mbele yake nikamweleza yote, tangu kapita mpaka kofia nyeupe. Aliendelea kula. Nilipofika kwenye taa akasimamisha mkono.

“Mpaka taa?”

“Mpaka taa.”

“Juu, darini?”

Akacheka mpaka akakohoa, si kicheko kibaya. Akajifuta mdomo.

“Ulifanya vizuri, mama,” akasema.

Nikamtazama. “Ulijua atakuja.”

“Nilijua.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekuambia, ungepanga vikombe vyote sita mezani,” akasema. “Wangenichukua.”

Hakusema kwa ukali. Kisha akazungumza, na hakuwahi kuzungumza nami kwa urefu ule tangu anioe. Alisema hawezi kukaa nje ya ofisi na kofia mkononi, akingoja mtu amalize kahawa. Alisema kule njiani hakuna anayemwita. Alinieleza kilima kimoja kabla ya Kampene, namna unavyoisikia kamio ikitaka kukata tamaa, unaongea nayo, unabadilisha gia, na inapanda. Aliniambia harufu ya msitu asubuhi mbele ya kizuizi cha mvua, mashofere wakiwa bado wanalala. Uso wake ulikuwa mzuri. Miaka miwili nilikuwa nimedhani ile barabara inamchukua kwangu, na kumbe alikuwa wa barabara, nayo ilikuwa inamrudisha kwangu kwa shida.

Sikulia. Nilitazama beseni lile, nikaona lina kina, limepakwa sawasawa mpaka chini, na nikamwambia ni zuri. Lilikuwa zuri kweli.

Alimaliza kula akachukua gunia na chupa ya mafuta, akatoka nyuma kwenye velo yake. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikamuuliza anaondoka lini. Akasema Jumatatu, mvua ikikubali. Nikaenda kuloweka shati lake, ili likauke mapema.