Mama Rula na njia ya wasioingia Bustani

Saa tatu na robo asubuhi, nje ya lango la bustani ya michezo, mwanamume mwenye kifua kipana kama mlango amesimama mbele ya mwanamke mfupi aliyevaa kofia ya jua. Kuna neno moja anatakiwa kulisema, nalo limemkwama kooni.

"Sema, baba, usione haya," mwanamke anamhimiza.

"Na… naogopa."

"Sijakusikia."

"Naogopa!"

Mkewe na wanawe wawili, ambao wameshafika katikati ya foleni ya tiketi, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mwanamke mwenye kofia hacheki. Anampa mkono yule baba na kumwambia asimame kivulini pamoja na wenzake, kina mama wawili wajawazito na babu mwenye mkongojo.

Huyo ndiye Mama Rula. Ana jina lake la kuzaliwa, ila hata mumewe halitumii siku hizi. Kazi yake ni kuwatembeza watu waliofika mpaka langoni mwa Bustani na hawaingii: watoto waliopungukiwa urefu, wenye mimba, wazee, wenye moyo mbovu, walioachiwa mikoba ya familia nzima, na waoga. Waoga ndio wengi. Wakijiandikisha ni sharti waseme kwa sauti kwamba wanaogopa.

"Mtu akishalisema, mabega yanashuka," anaeleza. "Kutwa nzima inakuwa nyepesi. Anayelificha atanisumbua njia nzima, kila hatua ananiambia yeye angeweza kuingia, basi tu."

Na kwa watoto ana fimbo. Ni fimbo ya mbao yenye mstari mwekundu kwenye mita moja na sentimita thelathini, ileile iliyokuwa ikitumika langoni kabla hawajaleta ya chuma. Kule ndani mtoto akiwa chini ya mstari hapandi treni ya kupinduka. Huku nje mambo yamegeuzwa: aliye chini ya mstari anakaribishwa, aliyeuzidi anaambiwa arudi akakate tiketi. Hana mjadala.

Lakini leo si siku ya kawaida, na ndiyo maana uso wake umekaza. Kwenye mdomo wa njia, juu ya kiti cha plastiki, ameketi afisa wa manispaa na daftari mapajani. Bustani imeomba kipande hicho cha ardhi ipanue maegesho ya magari. Kanuni ya manispaa inasema njia ya miguu haifungwi ikiwa watu hamsini au zaidi wanaipita, mwanzo hadi mwisho, kwa siku moja ya hesabu. Wakipungua, inafungwa. Siku ya hesabu ndiyo leo, Jumamosi, mpaka saa kumi na mbili jioni.

Njia yenyewe ukiionyeshwa mara ya kwanza utauliza, ndiyo hii? Ni uchochoro wa vumbi, kilomita moja na ushei, umebanwa kati ya ukuta wa nyuma wa Bustani na safu ya karakana. Mwandishi wa makala haya aliuliza hivyohivyo, akaambiwa atembee kwanza, maswali baadaye.

Kituo cha kwanza ni uani kwa dobi anayefua mavazi ya wanyama yanayovaliwa na wachezaji wa Bustani. Kichwa cha dubu kimegeuzwa ndani nje, kinaning'inia kwenye kamba. Binti wa miaka minne, aliyejiunga na msafara langoni, anakitazama, midomo inaanza kucheza.

"Dubu amekufa?"

"Afe, nani amuue?" dobi anamjibu huku akikamua soksi za sungura. "Alitokwa jasho jana, leo anaota jua. Mguse sikio, ni mkavu?"

Mtoto anagusa. Mkavu. Anacheka, anataka kugusa na la pili.

Mbele kidogo kuna mwanamke mpaka rangi, anayetengeneza farasi wa mbao wa bembea ya mzunguko. Kila mgeni hupewa brashi apake kwato moja. Yule baba mwenye kifua anapaka yake polepole, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa chekechea. Kwa nini anaogopa treni, mwandishi anamuuliza. Anafikiri kidogo. "Sijui. Mimi ni fundi wa lifti. Kutwa nashika kamba zinazobeba watu, labda nazijua mno."

Halafu wanafika mahali Mama Rula alipopabatiza Kona ya Mayowe. Upande wa pili wa ukuta ndipo treni inapoporomoka. Humwoni mtu, unasikia sauti tu, na mchezo ni kukisia nani analia: bibi au bwana, mnene au mwembamba, wa mara ya kwanza au mzoefu. Treni inaporomoka, mayowe yanapaa, na fundi wa lifti anaruka.

"Mke wangu huyo! Wallahi ni yeye! Si alisema haogopi?"

Anacheka mpaka anafuta machozi kwa kiganja chenye rangi.

Mama Rula aliajiriwa na Bustani, akakaa langoni na fimbo akipima watoto kwa miaka tisa. Anasema katika miaka hiyo alirudisha watoto wengi kuliko watu wa mtaa wake wote, na hakuwahi kumpunguzia mtu hata unywele, kwa kuwa mkanda wa kiti hauna huruma. Kisha ikafika siku ya kuzaliwa ya bintiye wa pekee, alipotimiza miaka saba. Akamsimamisha kwenye fimbo mbele ya wenzake wote. Alipungukiwa upana wa vidole viwili.

"Nikamkataa," anasema. "Mwanangu wa kumzaa. Angalau angelia. Alinitazama tu."

Mtoto alibaki nje na bibi yake, mama mkwe wa Mama Rula, ambaye magoti yake hayakuwa yanamruhusu kupanda chochote. Wawili hao wakaufuata uchochoro kwa kukosa la kufanya. Jioni walirudi wanagombania kusimulia. Walikuwa wameona vichwa vya sungura kwenye kamba, wamepaka kwato, wamehesabu vyura mtaroni. Wale walioingia Bustani walisikiliza midomo wazi.

Miezi mitatu baadaye Mama Rula aliacha kazi, akaanza kuwatembeza wasioingia. Watu walimwona amerukwa na akili. Hana bei, kila mtu huweka kwenye kopo anachoona kinafaa, na kwa mwezi hupata kama robo tatu ya mshahara wake wa zamani. Mumewe, fundi wa kuchomelea, huziba pengo.

Mume huyo ndiye aliyekuja na mpango wa kuiokoa njia: walete shangazi zake kumi na wawili, watembee, wahesabiwe, kazi kwisha. Mama Rula alikataa katakata.

"Shangazi zake wale nawajua," anasema. "Hawaogopi kitu duniani. Niwaandike kama nani?"

Kufikia saa kumi na nusu, afisa ana alama arobaini na sita daftarini. Dobi amekuja mara tatu kuchungulia, mikono inachuruzika povu. Wamebaki wanne tu! Hata mama mkwe, anayeuza karanga mdomoni mwa njia, ameacha kufunga vifurushi.

Ndipo wanapotokea vijana sita, wavulana na wasichana, wamevaa sare za timu ya mpira wa kikapu. Wanataka kupaka kwato, wameziona kwenye simu ya rafiki yao. Dobi anapiga kofi moja la furaha.

Mama Rula anainua fimbo. Mstari mwekundu unawafika vifuani.

"Nyinyi wote mnaruhusiwa ndani," anawaambia kwa upole. "Nendeni mkapande, wanangu. Huku ni kwa wasioweza."

Vijana wanatazamana, wanaondoka. Dobi amejishika kichwa. Afisa ameshusha kalamu. Mama mkwe anasema tu, "Yarabi toba," na inachukua muda kama wa kuhesabu hadi ishirini kabla Mama Rula hajageuka kutazama daftari na kuelewa alichofanya. Anakimbilia langoni. Vijana wameshamezwa na umati.

Hakuna mwingine aliyekuja. Saa kumi na mbili kamili afisa alipiga mstari chini ya arobaini na sita.

"Mkono ulijiinua wenyewe," Mama Rula alisema, ameketi chini vumbini, kofia mkononi. "Miaka yote hii. Nimeiua njia yangu kwa mkono wangu."

Alilia, na hakujificha. Mama mkwe alimsogelea, akamkalia karibu kwa shida ya magoti yake.

"Usijilaumu, mwanangu. Wewe hujakosea leo," alisema bibi. "Umekosea siku nyingi. Muulize huyu."

Huyu ni yule binti, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na amempita mama yake kwa kichwa kizima. Alikuwa amekuja kumchukua bibi yake. Mwandishi alimuuliza ni lini alipita njia hii mara ya mwisho.

"Nikiwa darasa la pili," alijibu. "Nilipovuka mstari Mama aliniambia sasa wewe ni wa ndani. Akanipa tiketi. Nimeingia mara mbili, sijapapenda." Akamgeukia mama yake. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyelibeba jambo hilo muda mrefu na mkono umechoka. "Mama, kule ulinikataa kwa ufupi. Huku ukanikataa kwa urefu. Mimi nikae wapi?"

 Mama Rula alimshika bintiye kifundo cha mguu, pale pale alipokuwa amekaa, akakishika hivyo kwa muda.

Ni afisa aliyeingilia kati. Alikohoa, akafunua kurasa za mwisho za kanuni zake. Hesabu ikipungua kwa watu watano au chini ya hapo, mwenye maslahi anaweza kuomba irudiwe, mara moja tu. Mama asaini hapa. Hesabu nyingine ni Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi hadi jioni, na baada ya hapo hakuna rufaa.

Mama Rula alisaini. Mwandishi alipomtembelea juzi alimkuta anafagia uchochoro, ameshatuma ujumbe kwa timu ile ya kikapu kuomba radhi, na fimbo ameikabidhi kwa mumewe aikate iwe miguu ya kiti cha mama mkwe. Hajui kama watafika hamsini. Usiku, anasema, hulala akiwaza maegesho ya magari.

"Wakija mia nitashukuru. Wakija arobaini na tisa, basi, watapanga magari yao," alisema. "Ila anayetaka kutembea atatembea, simuulizi kitu. Na wa kwanza kuandikwa siku hiyo nimeshamjua. Nimemwomba mwanangu mwenyewe. Amesema atafikiria."