Wembe wa Kwashemshi

Daktari alinipa habari njema, nami nikatoka pale nimenuna. Homa ya ini aina ya C, alisema, zamani ilitibiwa kwa sindano miezi nenda miezi rudi. Mtu anatetemeka, nywele zinapukutika, na bado wengi hawaponi. Sasa wataalamu wamepata vidonge vipya. Unameza kila siku kwa miezi mitatu, basi. Nilitaka kumkumbatia. Halafu akaniuliza, "Uliwahi kuchanjwa chale?"

Yarabi! Mimi na wadogo zangu wawili tulichanjwa siku moja, kwa wembe mmoja uliokwisha kuchanja wengine. Mama ndiye aliyemwita mganga atukinge, baada ya kaka yetu mkubwa kufa.

"Basi nao wapimwe haraka," daktari akasema. "Kirusi kinapita kwenye damu, na kinakula ini kimyakimya."

Rahisi kwake kusema! Wadogo zangu wanaishi na mama kule Kwashemshi, na hakuna linalofanyika pale bila yeye kuuliza kwa nini. Nikisema, namwambia mama kwamba kinga yake ndiyo iliyotuumiza. Nikinyamaza, nawaua ndugu zangu. Kila asubuhi hapa Handeni nilimeza kidonge changu, na wao hawakuwa na hata kimoja.

"Unapona wewe, wenzako je?" mke wangu akanifokea. "Nenda kwa mama yako!"

Nikaenda. Nilifika stendi ya Korogwe, nikanunua machungwa ya mama, nikageuka nayo nyumbani. Wiki iliyofuata nikafanya vilevile. Woga wa kijinga, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu! Machungwa tulikula hadi mke wangu akayachukia.

Safari ya tatu nilifika. Mama alikuwa barazani anachambua maharage, wadogo zangu wako shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikayamwaga yote, macho chini. Nilisubiri alie, au anifukuze. Yeye akaweka ungo pembeni, akashusha kanga begani. Chale tatu, zimefifia.

"Nilimwambia mganga aanze na mimi," akasema. "Nilitaka nijue kama wembe unauma, kabla haujawafikia nyie."

Miezi yote ile nilihangaikia moyo wake, ini lake sikuliwaza hata siku moja. Akapandisha kanga, akauvuta tena ungo.

"Hivyo vidonge, mwanangu, na vikongwe tunapewa?"