Ruta Aliyonifungia Were

Nimechapa faili za mawakili mjini miaka kumi na moja, na sijawahi kuitwa mvivu. Mwaka huu nimeitwa, na aliyeniita amekula kwangu.

Mama alipooza upande mmoja mwezi wa nne, nikamleta kwangu Mutuini. Bosi wangu, Wakili Jacklyne, akanipa ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, majaribio ya wiki tatu. Yakienda vibaya, narudi ofisini kila siku, na mama nimwachie nani?

Were ndiye fundi wa kompyuta pale ofisini, na ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wangu Mulwa. Alikuja Jumamosi, nikachinja kuku. Akanifungia ruta, kile kisanduku cha kuleta mtandao nyumbani, akapanga kila kitu vile alivyopanga ofisini, nambari kwa nambari. "Mama Mulwa, hivi hutasumbuka," akasema. Nikamwombea baraka, mjinga mimi.

Jumatatu nikaingia kwenye VPN, ile njia ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Ikasema nimeunganishwa. Nikatafuta faili, wapi! Nikampigia Were. "Ni mtandao wa huko kwenu Mutuini," akaniambia, "vumilia tu." Nilivumilia wiki mbili. Nilizima, nikawasha, nikaomba Mungu. Kila nikimpigia ni vumilia, mpaka akaacha kushika simu.

Ndipo nikabeba laptop hadi kwa jirani yangu Peres, nitumie Wi-Fi yake. Faili zikafunguka zote. Peres hufanya kazi ya kompyuta Muthangari, kwa hivyo akaja kuchungulia ruta yangu, akaguna.

"Nambari za mtandao wako ni zile zile za ofisi," akasema. "Laptop ikiambiwa itafute faili, inaitafuta hapa hapa kwako. Haitoki hata mlangoni."

Akabadilisha nambari za ruta. Hata chai haikuwa imechemka, kila kitu kikafunguka. Nikamwambia Were ni mtu mzuri, hakujua tu. Nilimtetea, mimi huyu.

Ijumaa Wakili akaniita mjini. Mezani alikuwa na barua ya Were, iliyoandikwa siku ya tatu ya majaribio yangu: mtandao uko sawa, Munyiva, yaani mimi, haingii kazini. Nikamweleza alichokiona Peres. Wakili akaisoma barua tena, akasema, "Lakini Quincy, anayefanyia kazi yetu kwake Spring Valley, alikuwa na shida hiyo hiyo mwezi jana. Were aliitatua asubuhi moja."

Na mimi niliyesema hakujua! Alijua.

Nilimkuta Were kwenye ngazi. "Ningesema ni mkono wangu ulioharibu, ningefutwa," akasema. "Wewe ni wa zamani hapa. Nilijua hawatakufuta."

"Na mama yangu?"

Akashuka ngazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wangu Were aliuona mwepesi kweli.

Ruhusa nimeachiwa. Jumapili Were alikaa nyuma yetu kanisani, kama kawaida yake. Tulipoambiwa tutakiane amani, akanyoosha mkono. Mimi mikono yangu niliikunja kifuani. Lakini mama sikuwa nimemwambia kitu, na mama anampenda. Alijigeuza polepole kwenye kiti, akampa mkono ule mmoja unaofanya kazi, na hakutaka kumwachilia.