Grisi Juu ya Hina

Mjomba wangu alikuwa na motokaa nyeusi aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na aliipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya jamaa zake, mimi nikiwamo. Ilikuwa kuukuu, milango yake ikilia kila ikifunguliwa, lakini ilikuwa na kitu ambacho sikupata kukiona kwenye motokaa nyingine yoyote pale Changamwe: feni ndogo ya shaba iliyofungwa darini, juu ya kiti cha nyuma, ikiendeshwa kwa umeme wa betri. Vita vilikuwa vimekwisha, petroli imeanza kupatikana tena, na fungate yangu ilipomalizika mjomba akasema nitapelekwa kwa mume wangu, Likoni, kwa motokaa hiyo. Nilifurahi mno. Feni ile nilikuwa naitaka kwa ajili ya nyanya.

Nyanya ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nami bado nanyonya. Alikuwa na pumu. Kazi ya kunishika mkono na kuniingiza nyumbani kwa mume wangu aliitaka mwenyewe, na aliwakatalia wote waliotaka kumpokea kazi hiyo. Lakini kwetu bibi harusi hasafirishwi wazi. Mapazia hufungwa pande zote na vioo hupandishwa, maana upepo ukipenya pazia hupepea na watu wote wa kivukoni wakauona uso wake. Ndani ya sanduku lile, na jua la alasiri, na udi uliofukizwa nguoni, nyanya asingefika hata Makupa. Feni ikienda, naye anakwenda. Feni isipoenda, anabaki.

Basi tukapanda, mimi na nyanya. Shangazi akafunga mapazia mapya aliyoyashona kwa mkono wake jana yake, na papo hapo feni ikanyamaza.

Mjomba akamwita jirani yetu, fundi wa umeme aliyefanya kazi bandarini. Nikateremshwa nimefunikwa gubigubi, nikarudishwa chumbani. Fundi akafungua mapazia yote apate mwanga, akabonyeza swichi, na feni ikavuma vizuri kabisa.

"Yaenda hii," nikamsikia akimwambia mjomba. "Haina ila."

Tukapanda tena. Mapazia yakafungwa. Feni ikafa.

Nikateremshwa tena. Safari hii fundi alisema betri imechoka, wakaazima ya lori la jirani. Wakaijaribu, mapazia wazi, feni ikazunguka mpaka mjomba akavua kofia na kusimama mbele yake akipigwa upepo, ameridhika. Tulipopanda na kufungiwa, kimya. Fundi akakuna kichwa, akasema labda feni yaona haya mbele ya wanawake. Wanaume waliosimama naye wakacheka. Mimi ndani ya mashuka yangu nilikuwa nachemka, na si kwa joto peke yake.

Shangazi yeye hakuwa na shaka. "Jicho hilo," akasema, akaenda kuleta ubani, akaufukiza kwenye mlango wa motokaa, moshi ukaingia ndani kwa mtu mwenye pumu. Kisha akaapa kwamba sitateremshwa tena. Bibi harusi hatoki na kurudi, kutoka na kurudi, kama mtu aliyesahau ufunguo. Ni kisirani.

Nyanya akaanza kukohoa. Kifua chake kikawa kinapiga mluzi, mluzi ule nilioujua tangu utotoni. Mjomba akainama dirishani.

"Mama, teremka wewe. Utakwenda siku nyingine kwa basi, inshallah."

Nyanya hakubishana. Alikusanya kanga yake taratibu, akanipapasa goti. "Nenda, mwanangu. Shangazi yako atakuingiza." Nililia pale pale, wanja ukanishuka, na sikujali.

Nilikuwa nimefundishwa, na nyanya mwenyewe, kwamba bibi harusi huinamisha uso wala hasemi hadi afikishwe. Nikainua uso. Shangazi alikuwa amesogeza pazia ili nyanya apate kushuka, na juu yangu feni ikatikisika, ikazunguka. Shangazi akaliachia pazia, feni ikasimama. Nikatazama kule juu kwenye pembe ya dari, na hapo nikaona: kamba ya pazia ilikuwa imefungwa kwenye waya mweusi uliokwenda kwenye feni. Shangazi alitafuta mahali pa kufungia kamba yake, akakuta kitu kigumu cheusi, akakiona kinafaa. Kila pazia lilipofungwa, kamba iliuvuta waya, umeme usipite.

"Nyanya, kaa," nikasema. "Mwiteni fundi aje hapa mlangoni."

"Nyamaa wewe," shangazi akasema. "Bibi harusi hasemi."

"Leo asema."

Nikaikata kamba kwa meno. Feni ikazunguka kidogo, ikafa kabisa. Waya ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake. Fundi hakuweza kuingia nilipo, nami sikuweza kutoka, basi akasimama nje akaniambia la kufanya kupitia pazia. Nikatoa mkono mmoja tu, wenye hina mpaka kiwikoni, akanipa kisu, kisha koleo lililojaa grisi, kisha utepe wa kufungia nyaya. Wanawake barazani waliutazama mkono ule ukiingia na kutoka.

"Zima swichi kwanza," akasema. "Menya mpira, waya usiukate. Sasa zisokote zile ncha mbili."

"Kama nywele?"

"Kama nywele. Zikaze."

Kusuka nilikujua. Nikasokota, nikakaza, nikazungusha utepe, nikabonyeza swichi. Upepo ukatupiga usoni, mapazia yakiwa yamefungwa yote. Nyanya akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu, na nje wanawake wakapiga vigelegele ambavyo hata siku ya nikahi sikuvisikia. Nilijiona mkubwa. Mjomba akaiwasha motokaa asije mtu akabadili nia.

Njia nzima feni haikusita. Kivukoni foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na nyanya alisinzia begani kwangu mdomo wazi, akipumua kama mtu mzima wa afya.

Likoni nyanya alinishika mkono mwenyewe, akanishusha, akanipitisha kizingitini kwa mguu wa kulia. Mama mkwe akanipokea, akaifunua mikono yangu aione hina, akashtuka.

"Mbona ina grisi?"

Nyanya akajibu bila kukohoa hata kidogo. "Ndiyo iliyonileta," akasema, wala hakuuachia mkono wangu mpaka aliponikalisha kitandani.