Niliwaita wanakijiji walime bure, sasa mama yangu analipa kwa jembe

Admin, naomba unifichie jina, maana wapo ndugu zangu humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nina mume na watoto wawili, tunaishi Utemini hapa Singida mjini. Tuna mashine ya kukamua alizeti na gari la kubebea mzigo. Nyumbani kwetu ni Mungaa, ambako mama bado anaishi peke yake tangu baba afariki. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila msome mpaka mwisho.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi na muumini wa ujamaa hadi anaingia kaburini. Mimi nilikuwa namcheka. Shuleni tulikaririshwa ujima, ukabaila, ubepari, ujamaa, mimi nikachagua ubepari mapema. Kwenye magrupu nilikuwa naandika kwamba ujamaa ndio uliotuachia umaskini, mtu anayejituma anatoka, asiyetoka ni mvivu. Niliyaandika hayo nikiwa nimekaa kwenye sofa, na mwaka huu ndio nimejua mimi ni mtu wa namna gani.

Tulilima alizeti shamba kubwa kule Mungaa. Ilipofika palizi, vibarua wakataka hela ndefu. Nikakumbuka kwetu bado kuna ujima: nyumba moja inatangaza siku, watu wanakuja na majembe yao, mwenye shamba anapika, hakuna anayelipwa. Lakini kila aliyekuja kwako, siku yake ikifika na wewe unaenda kwake na jembe. Nikampigia mama nikamwomba aalike watu kwa jina lake. Akauliza, "Na siku zao utakuja kuwarudishia?" Nikamwambia, "Nitakuja mama, kwani mimi ni mgeni?"

Walikuja, jamani. Wababa, wamama, hata wazee waliokuwa marafiki wa baba. Kwa siku mbili shamba lote likawa safi. Nilichinja mbuzi, nikapika wali, nikapiga picha nimeshika jembe la mtu na kuziweka mtandaoni. Nikajiona nimewafanyia sherehe. Mume wangu akacheka, akaniambia nina akili ya biashara, na mimi nikafurahi.

Wiki iliyofuata mama akapiga simu kwamba kesho ni zamu ya mama Neema, jirani yetu mjane. Nilikuwa na mzigo wa mafuta, nikamtumia mama Neema hela kwenye simu, tena zaidi ya ujira wa kibarua. Baada ya muda kidogo ikarudi yote. Akanipigia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nashukuru, lakini jembe langu halikuwa la kukodi." Nikakasirika. Nikamwambia mume wangu watu wa kijijini wana maringo ya kimaskini. Zamu zilizofuata, mama akipiga nilikuwa naiacha simu inaita mpaka inakata. Baadaye akaacha kupiga, nikadhani yameisha.

Mwezi uliopita nikaenda kuangalia shamba langu. Nyumbani sikumkuta mama. Nikaelekezwa shamba la familia moja upande wa bondeni. Nikamkuta kwenye mstari na watu wengine, analima akiwa amepiga magoti, kwa sababu mgongo haumruhusu tena kuinama. Mama yangu ana miaka 69. Wenzake wakimaliza mistari yao walikuwa wanageuka kumsaidia wa kwake. Kumbe tangu siku ile alikuwa anaenda kila nyumba iliyonilimia, anazilipa siku zangu moja moja.

Nikamwambia, "Mama inuka twende nyumbani, nitaleta kibarua amalizie." Akanijibu kwa Kinyaturu, na mama akiumia huwa anarudi kwenye Kinyaturu. Alisema, "Watu hawa walikuja kwako kwa miguu yao. Na wewe una miguu." Halafu akaendelea kulima. Watu wakainamisha vichwa, nadhani walinionea aibu kuliko mimi mwenyewe.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Nilikuwa nimevaa raba nyeupe. Jembe moja lilikuwa limelala pale pembeni, nililiona. Nikasema nina mtu ananisubiri mjini, nikageuka. Mama Neema akanikimbilia hadi kwenye gari. "Shikamoo mama," nikamwamkia bila kumtazama. "Marahaba mwanangu," akaitika, akanipa mfuko wa majani ya mlenda, akasema, "Wapelekee wajukuu." Nililia hadi nafika Singida, na nyumbani nikamwambia mume wangu ni vumbi limeniingia machoni.

Tangu hapo sipati usingizi mzuri. Nilimtumia mama unga na mafuta, akamwambia dereva aurudishe mzigo mpaka zamu ziishe. Zimebaki nyumba tisa. Mume wangu anasema nipeleke vibarua tisa mambo yaishe, mimi ni bosi sasa, nikishika jembe wateja watanichukuliaje. Nimenunua jembe, lina wiki tatu kwenye buti ya gari, hata mpini halijawekwa.

Jumamosi hii kuna zamu nyingine. Siogopi kuchekwa. Ninachoogopa ni kwamba watanipokea vizuri, wanipe mstari wangu, wasiniulize nilikuwa wapi. Jana nilijikaza nikampigia mama, nikamwambia labda nitakuja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ukija njoo mapema mwanangu, jua la saa nne huliwezi tena."

Ndugu zangu, mniambie ukweli hata kama unauma: nasimamaje kwenye mstari mmoja na mama yangu aliyepiga magoti kwa ajili yangu? Niende na uso gani?