Gauni la Kudanganya Kifo

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyonyolewa nywele nikaambiwa kwamba kuanzia asubuhi hiyo mimi ni mwanaume. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Mpaka siku hiyo jina langu lilikuwa Mapendo, nilivaa gauni, nilisukwa, na hapa mtaani kwetu Kinama hakuna aliyenicheka, maana kila mtu alijua sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Mama yangu alikuwa amezika watoto wa kiume kabla yangu, mmoja baada ya mwingine. Koko yangu, yaani bibi aliyemzaa mama, mwanamke wa Uvira, akasema kifo kimeshajua njia ya nyumba hii na kinawafuata wavulana tu. Basi nilipozaliwa wakanipa jina la kike na gauni, ili kikija kutafuta mvulana kikute msichana, kijiendee zake. Usicheke. Mtu aliyezika watoto habishani na dawa.

Na gauni peke yake halikutosha, kwa sababu kifo si kipofu. Ilibidi niwe msichana kweli. Nikafundishwa kukaa miguu nimeikunja upande mmoja, kuinamisha macho mkubwa akiongea, kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, bila kumwaga, kucheka nimefunika mdomo. Nilijifunza vizuri, na Koko alikuwa akinisifu mbele ya majirani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikunjwa nikiwa mbichi kabisa.

Kisha akaja baba mdogo Gaspard. Namtaja jina kwa sababu sitaki ajifiche ndani ya neno "watu". Watu walisema, watu walifanya. Hao watu ni nani? Gaspard, mdogo wake baba yangu, mpakiaji wa mizigo bandarini. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo sauti ya nyumba ilikuwa yake. Akaona hatari imepita, akaleta wembe na kaptula.

"Kifo kimekusahau," akaniambia. "Sasa we ni Dieudonné. Simama kama mwanaume."

Nikasimama. Sikujua mwanaume anasimamaje.

Alinifundisha kwa mkanda. Nikikaa nimekunja miguu, mkanda. Nikifunika mdomo kucheka, mkanda. Nikiingia jikoni kumsaidia mama, mkanda, na mama anakoroga sufuria kana kwamba hasikii. Naye namtaja, Mungu amrehemu. Yale niliyosifiwa jana ndiyo yaliyoniponza leo. Warundi wana msemo wao kwamba mtoto hufia katika kubebwa, maana yake anaharibikia mikononi mwa wanaomlea. Mimi nilibebwa huku, nikabebwa kule, mwisho nikaangushwa.

Nikakua. Nikaenda bandarini kupakia maboti ya Kigoma na ya Congo, nikajifunza kutukana, kunywa, kutembea kifua mbele. Ulikuwa uanaume wa kuazima, lakini nani angejua? Huko ndiko nilikompata Espérance, aliyekuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, karibu na lango. Nilimpenda. Sijui mapenzi yangu yalikuwa ya mwanaume wa aina gani. Nilijua tu kwamba akicheka, gunia linakuwa jepesi. Tukakubaliana, wazee wakapanga siku, tukapeleka kwao mitungi ya pombe ya ndizi. Desturi unaijua, mwanangu: wakwe wakitia mrija wakanywa, binti ni wako.

Kabla hawajanywa, shangazi yangu Veronika akaita kutoka upande wa wanawake, "Mapendo, sogeza mutungi huo." Baadaye walimtetea eti ulimi uliteleza. Ulimi wa Veronika haukuteleza hata siku moja. Ulijua kila mahali unapokanyaga.

Mzee Bernard, baba yake Espérance, akauliza, "Mapendo ni nani?"

"Si huyu bwana harusi wenu," Veronika akajibu huku anacheka. "Alivaa gauni mpaka akang'oka meno. Kutwanga sombe alikuwa anatushinda sisi wote."

Kaka yake Espérance akapiga makofi. "Aa, kumbe leo musichana amekuja kuposa musichana. Sasa nani atamuoa mwenzake?"

Wakacheka, wa kwao na wa kwetu.

Gaspard akasimama kunitetea. "Apana, musiseme hivyo. Mi mwenyewe nilimutengeneza huyu mutoto. Nilimupiga mpaka akanyooka."

"Kitu chenye kutengenezwa," Mzee Bernard akasema polepole, "kinaweza kuharibika tena. Kikiharibikia kwa binti yangu, nitakirudisha kwako?"

Hapo Koko akainua mkono. Alikuwa amezeeka, tulimleta kwa baiskeli, na hakuna aliyetegemea aongee.

"Gauni nilishona mi," akasema. "Nilidanganya kifo, kikaamini, kikaenda zake. Nyinyi wa kwetu sikuwadanganya. Munajua kweli yote tangu alipozaliwa, na bado munamucheka mutoto juu ya nguo tuliyomuvalisha sisi. Mwenye haya hapa angekuwa yeye ao sisi?"

Siku hiyo, mwanangu, nilijua kwamba neno la mzee linaweza kuwa la haki tupu na lisibadilishe kitu. Mzee Bernard aliweka mrija chini. "Pombe yenu ni nzuri, Koko," akasema. "Mutaikunywa kwenu."

Tukairudisha mchana kweupe, watu wamesimama milangoni.

Espérance alinifuata bandarini siku chache baadaye. "Ulikuwa unajua kutwanga sombe na haukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

"Mi ningefurahi," akasema. "Mi sombe inanishinda." Akainua beseni lake la ndagala. "Lakini siwezi kumupinga baba."

Aliolewa na shofa wa malori. Mimi sikuoa, na kwa ajili hiyo mtaa umenipa majina mengine ambayo sitayaandika hapa. Wapo wanaosema gauni ndilo lililoniharibu, wapo wanaosema nilizaliwa hivi. Mimi mwenyewe nikijiuliza ningekuwa mtu gani pasipo gauni na pasipo mkanda, sipati jibu. Gaspard tulishamzika. Lakini hata leo, nikiwa peke yangu chumbani, mlango umefungwa, nikikaa naachanisha magoti haraka.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe unayengojea mtoto. Utaambiwa mwanaume ameumbwa hivi na mwanamke ameumbwa vile. Mimi nimekuwa vyote viwili kwa amri ya wakubwa, na nakuambia, mengi wanayoyaita maumbile ni mafundisho. Mengine ya sifa, mengine ya mkanda. Liko pia la ndani, analolijua Mungu na mwenyewe, na hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe muulize mwanao, kisha ungoje jibu. Kijana wako akipenda jikoni, binti yako akipiga mluzi, usimpige kwa ulichomfundisha wala kwa usichomfundisha. Na mtu akimcheka, nenda mlangoni kwa mtu huyo umwambie.

Sikuahidi kwamba itasaidia. Mtaa una midomo mingi na wewe una mmoja, na mie sijaona bado siku midomo mingi iliposhindwa. Sema hivyo hivyo, ili mtoto ajue yupo aliyesema.

Mungu akujalie mtoto mzima, mwanangu, na siku yake ikifika ampeleke kwa wakwe wenye kiu.