Nyumba ya Kasha Iliyonisomesha

Nikisikia mtu anatwanga sombe, hata ikiwa ni ua wa tatu kutoka kwangu, mikono yangu huacha kazi yenyewe. Kwetu Bukavu majani ya muhogo hutwangwa na wanawake wawili wanaopokezana, huyu akishusha mchi yule akiinua, na umbea katikati. Kule Kasha, juu upande wa Bagira, hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya jioni, na ukiisikia ulijua hutalala njaa.

Kasha tulikuwa na nyumba yetu. Baba alikuwa muuguzi, mama mshonaji, na waliijenga kidogo kidogo, mbao kwanza, kisha matofali, chumba baada ya chumba. Sakafu ya sebule mama aliisiliba mwenyewe. Hakungoja simenti ikauke, na alama ya kiganja chake ikabaki karibu na mlango. Wageni walidhani ni mapambo.

Tatizo lilikuwa mimi. Baba alitaka nisome kwa masista, kule Muhumba karibu na ziwa, na kutoka Kasha ni safari. Mvua ikinyesha barabara ilikuwa uji, magari yalikwama, na mlinzi wa lango la masista hakuwa na huruma na mtu wa Kasha. Kengele ikilia alifunga, nami niligeuka na matope yangu hadi magotini. Shule za karibu zilikuwepo, ndiyo, lakini darasa moja lilikuwa na watoto wa kujaza kanisa. Baba alikuwa na msemo wake: "Mu Bukavu kila parseli inaweza kuporomoka. Masomo tu ndio haiporomokake." Mvua zetu huporomosha kiwanja na nyumba yake, hakuna aliyembishia.

Basi nyumba ikapangishwa, sisi tukahamia Muhumba, vyumba viwili nyuma ya jumba la watu. Kulikuwa na ukuta mrefu, maua, na kimya kama cha kanisani siku ya Jumatatu. Wiki ile ile mama alitoa kinu chake uani akaanza kazi. Hakufika mbali. Mke wa mwenye nyumba alitokea na kitenge cha kulalia, uso umekunjamana.

"Maman Furaha, pardon, hiyo kelele haiwezekane huku. Banauzishaka sombe ya kutwanga mu soko."

"Ile ya soko iko na muchanga, maman," mama alijibu polepole.

"Basi mukule mboga ingine."

Kinu kikarudi Kasha, na mama akaanza kukifuata kila Jumamosi. Alichuma majani uani kwetu kwa zamani, akatwanga na mpangaji wetu, akarudi jioni na bakuli limefunikwa. Mara nyingine alinichukua. Wale wapangaji walikuwa watu wazuri mno. Tukifika walikimbilia kutoa kiti, wakakipangusa, wakamkalisha mama, wakamletea maji. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Sijui methali hiyo inasemaje mwenyeji anapokuwa ndiye mgeni. Mama alikaa kwa adabu, magoti pamoja, akaomba ruhusa ya kutwanga kwenye ua wake mwenyewe. Mimi nilifikiri anapenda sombe kupita kiasi. Nilimtania kwamba siku moja ataolewa na kinu. Alicheka sana, kisha garini wakati wa kurudi aligeuka akaitazama Kasha hadi ikapotea.

Nilipoingia sekondari, kodi ya Muhumba na ada ya masista vilimzidi baba. Ikaamuliwa nyumba iuzwe.

Siku hiyo naikumbuka vizuri kwa sababu kulikuwa na soda. Kwetu parseli haikuuzwa kimya kimya. Majirani wa pande zote waliitwa, kila mmoja akasimama kwenye kona inayopakana naye, na baadaye wakanywa pamoja, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa wakubwa na soda kwa wadogo, ili kesho mtu asikane alichokiona. Na kinywaji hicho aligawa mke wa muuzaji. Akigawa, amekubali, asipogawa, hakuna mauzo, hata karatasi ziwe na mihuri ya nchi nzima.

Mama aligawa. Alianza kwa mnunuzi, akamaliza kwetu watoto, akasimama kunitazama nilivyobugia soda ya machungwa. Nami nikapaza sauti: "Maman, tukuwe tunauzisha nyumba kila mwaka!" Watu walicheka, baba alicheka, mama naye alicheka.

Nilisoma. Masista walinifundisha vizuri, siwezi kuwasingizia. Kazi niliyo nayo leo ilitoka kwao. Sasa nina binti anayeanza shule, na sisi wenyewe tuna parseli Kavumu, tuliyonunua tujenge siku moja. Mwezi uliopita mume wangu alipendekeza tuiuze, tuhamie karibu na shule nzuri. Nilisema "sawa" kabla hajamaliza sentensi.

Jumapili nilikwenda na mama kuiangalia. Alizunguka mipaka yote taratibu, akaokota udongo akausugua vidoleni. Ndipo likanitoka swali ambalo miaka yote hiyo halikunijia.

"Maman, ile siku ya Kasha, weye ulikuwa unataka tuuzishe?"

Alinitazama, macho yakamlowa.

"Sasa ndio unauliza?" Akapukuta udongo vidoleni. "Sikukuwa nataka, mutoto yangu. Hata kidogo. Na leo kama tunarudi ile siku, nitakubali tena."

Nilimshika mkono katikati ya maharage ambayo majirani wamepanda humo, nikalia. Utotoni nilidhani kukubali na kutaka ni kitu kimoja. Kumbe alikuwa amekubali bila kutaka, kisha akacheka nasi ili furaha yangu isitiwe doa.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba "sawa" yangu haikuwa kutaka. Alikaa kitako.

"Mi pia sitaki," alisema. "Nilikuwa nawaza ni weye ndio unataka."

Hatujaamua. Huenda tukauza, masomo ni masomo, na siwezi kujifanya sikufaidi. Lakini tukiuza, binti yetu atakuwepo, na kabla ya kupewa cha kunywa ataambiwa kinachouzwa ni nini, na kwamba mama yake hakutaka, ila amekubali.